Kikapu cha Garini

“Ndani kulikuwa na nini?”

Kondakta aliniuliza hivyo. Mpiga debe akaniuliza hivyo. Mzee muuza karanga pale stendi, mume wangu kwenye simu, jirani yangu wa Makorora aliyenikuta barazani hata viatu sijavua, wote swali lao lilikuwa hilo hilo. Nikawa namjibu kila mmoja: nazi nne, unga wa muhogo kwenye kindoo, chupa ya mafuta ya nazi, ng'onda wamefungwa gazetini, na kanga moja ya kumfunikia mtoto. Na kila aliyeisikia hesabu ile alishusha pumzi. “Aa, afadhali. Mimi nilidhani simu, au hela.”

Afadhali. Neno hilo lilinikaa kooni siku nyingi.

Nazi Tanga ziko tele. Unga wa muhogo nitanunua Mgandini siku yoyote. Kilichonitoa machozi mbele ya watu, mimi mwalimu mzima, ni kikapu chenyewe, na sikuwa na namna ya kulisema hilo nikaeleweka. Kikapu ni kitu cha kutilia vitu. Jicho la mtu hukipita, likaenda kwenye kilichotiwa. Ndiyo maana nimeona nikae niandike, angalau mara moja nikieleze chenyewe, kitupu.

Kilisukwa Desemba 2012 huko Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Ndiyo kwanza nimepangiwa kufundisha shule ya msingi Tanga mjini, nikavuka na kivuko kwenda kumuaga Bibi, mama yake mama yangu. Bibi alikuwa msusi tangu usichana wake: mikeka, misala ya kusalia, vipepeo, kawa, vikapu. Ukiingia ndani kwake unapokewa na harufu ya ukindu mkavu kabla hujapokewa na yeye.

Alipokuwa na nguvu aliukata ukindu mwenyewe, baadaye akawa analetewa. Kinachotakiwa ni kinda la mkindu, yale majani machanga ambayo bado hayajajifungua. Huanikwa juani mpaka yakawa meupe, yakachanwa nyembamba nyembamba, mengine yakachemshwa na rangi ya pakiti. Siku ya kusuka huyarashia maji kwanza, yalainike, yasije yakakatikia vidoleni. Kisha ndio unasukwa ukili, ule utepe mrefu unaokua na kukua mpaka unazungushwa bunda kama tairi la baiskeli. Bibi aliupima kwa pima, mikono yote miwili ikinyooshwa. Kusuka ukili alikufanya huku anazungumza, anasikiliza redio, anafukuza kuku. Wakati wa kushona alinyamaza. Kushona ndiko kunakokipa kikapu umbo: ukili unazungushwa kutoka kitakoni kwenda juu, ukingo unashikishwa na ukingo kwa sindano, ukivuta sana kinafinyana, ukilegeza kinatepeta. Ukimsemesha Bibi akiwa na sindano ile, anakutazama tu.

Siku ya tatu aliniita. Alikuwa amekwisha kusuka ukili, bado hajaanza kushona.

“Njoo ukae hapa.” Akanisogezea kigoda. “Weka miguu kama uko garini.”

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikaweka miguu. Akainama, akalaza ncha ya ukili sakafuni baina ya visigino vyangu, akaivuta mpaka ikagusa mguu wa pili, akaifunga fundo. Halafu akapima kutoka sakafuni mpaka chini kidogo ya magoti.

Ndipo aliponieleza. Zamani, mama yangu akiwa mdogo, Bibi alikuwa akipeleka mikeka Tanga kwa lori. Safari moja alipakia mikeka minne juu, yeye akakaa chini na wanawake wenzake, na walipofika Tanga akakuta mitatu. Hakumjua aliyeuchukua ule wa nne wala hakupata kuuona tena. Ilikuwa kazi ya miezi. “Mzigo usiougusa,” akaniambia, “umeshakuwa wa gari.” Kikapu changu kitakaa baina ya miguu yangu, upana wake ni upana wa mimi nilivyokaa, kimo chake kisizuie magoti yangu kwenye siti ya mbele. Mdomo alioutengeneza ulikuwa mwembamba kuliko tumbo, vitu visimwagike gari likiruka mashimo. Alikiita kikapu cha garini. Sijawahi kusikia mtu mwingine akisema hivyo, nadhani jina hilo lilikuwa lake.

Kilikuwa cheupe, na karibu na mdomo kilikuwa na mzunguko mmoja wa zambarau. Lakini ukindu wa zambarau ulimwishia kabla hajaufunga mzunguko, na duka lilikuwa ng'ambo ya pili, na mimi nilikuwa naondoka kesho yake alfajiri. Akaumalizia kwa nyekundu. Kwa hiyo upande mmoja, upana wa kiganja hivi, rangi iligeuka. Hapo ndipo kidole gumba changu kilipokuwa kikikaa. Miaka kumi na moja kidole kile kilipita juu ya maungio yale, kwenye daladala, kwenye foleni ya benki, kwenye vikao vya walimu, mpaka ile nyekundu ikafifia ikawa rangi ya chungwa kavu.

Nacho kilitumika, nisije nikakupa picha ya kitu cha kutundikwa ukutani. Kilibeba madaftari ya kusahihisha. Kilibeba samaki wa soko la Deep Sea nikakiosha kwa limau. Kilikwenda Bombo nilipojifungua, kikiwa na nguo za mtoto na chupa ya uji. Mikono yake ilikatika mara mbili, ya kwanza Bibi mwenyewe aliishona, ya pili nilitia kamba ya mkonge, maana Tanga mkonge hatuombi kwa mtu. Kitako kilipotoboka nilikwenda kwa fundi viatu aliyeko Ngamiani, akanishonea kiraka cha mpira wa tairi la baiskeli, duara kamili, kwa uzi wake ule mweusi wa nta. Aliniambia kikapu hiki sasa kitatuzika sote. Nilimlipa nikamwongeza.

Bibi alitutoka 2017. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku nchi nzima, yale marambo ya bure ya dukani yakageuka kuwa faini. Basi shuleni wenzangu wakanizunguka. “Mwalimu, hiki umekinunua wapi? Nasi tuagizie.” Ningewajibu nini? Kwa miaka mingi mikeka ya plastiki ilikuwa imemlaza Bibi njaa. Wateja wake walibaki wanaotaka msala wa maiti na wanaotaka cha kumpa mgeni kutoka Ulaya. Vikapu vilirudi kutafutwa miaka miwili baada ya vidole vyake kuwekwa udongoni. Hilo nilikuwa nalifikiri kila nikipita sokoni na kikapu changu mkononi, na nilikuwa nakibeba upande wa nje, kionekane.

Idi ya 2024 iliangukia Jumatano, tarehe 10 Aprili. Nilikwenda kuila Pangani kwa mama mdogo, nikiwa na binti yangu wa miaka sita. Jumapili tukapanda gari la kurudi. Masika ya mwaka ule mnayakumbuka, mvua haikupumua. Kutoka Pangani mpaka Tanga ni kama kilomita 50, na barabara ilikuwa kwenye ujenzi wa lami, sehemu nyingine unapita laini kabisa, nyingine unatolewa pembeni kwenye tope.

Tumekwisha kupita Kigombe, mtoto akasinzia. Nikampakata. Miguu yake ikawa inaning'inia, inagonga kikapu, na kila ikigonga anashtuka. Nikafanya nilichokuwa sijakifanya hata siku moja. Nikakisukuma kikapu kwa kisigino, kikaingia chini ya siti yangu, nyuma.

Tunakaribia Tongoni gari likalia kwa chini, likainamia upande. Dereva akashuka na tandiboi, wakachungulia, wakarudi wamelowa. Senta bolti ya springi imekatika. Tukakaa. Vioo vikafuka ukungu. Baada ya saa nzima hivi likatokea gari lingine linalotoka Pangani, lina nafasi kidogo, na kondakta wetu akapanda mlangoni: “Abiria mnafaulishwa! Fanyeni haraka, wenzetu hawasubiri!”

Aliyewahi kufaulishwa mvuani anajua inavyokuwa. Hakuna anayeuliza mzigo huu wa nani. Kila mtu anawahi siti, kwa sababu asiyewahi atasimama mpaka mjini. Nilimbeba mtoto begani, mkoba wangu wa mkononi shingoni, kanga nimeiacha garini bila kujua, nikaruka dimbwi, mtu akanivuta mkono, mlango ukafungwa. Nilipata siti ya nyuma kabisa. Nikamlaza mtoto mapajani. Nikashukuru Mungu.

Nasomesha, na kila mwaka nawapeleka wanafunzi wangu kwenye magofu ya pale Tongoni, kwa hiyo tulipoondoka niligeuka kuyatafuta kwa macho japo hayaonekani barabarani. Huwa nawaeleza watoto habari ya meli ya São Rafael. Januari 1499 Vasco da Gama alikuwa akirudi kutoka India, mabaharia wake wengi wamekufa kwa maradhi, waliobaki hawatoshi kuendesha meli tatu. Basi kwenye maji haya haya ya Mtang'ata, pwani hii ya Tongoni, akaichoma moja, watu na mizigo vikahamishiwa kwenye mbili. Watoto huwa wanaupenda ule moto. Siku ile mimi niliwaza wale watu waliohamishwa, nikajiuliza nani kati yao alifika mbali ndipo akakumbuka kitu alichokisahau. Nilikuwa nawaza hayo, na kikapu changu kiko nyuma yangu, chini ya siti, kwenye gari bovu, kila dakika tunazidi kuachana. Sikuhisi chochote. Hilo bado linanishangaza. Nilidhani kitu ulichokizoea namna ile ungekisikia mwilini kikikosekana, kama ulimi unavyojua jino limetoka.

Niligundua Tanga mjini, nilipoinama kukichukua baina ya miguu.

Kondakta wa gari la pili alinisikiliza vizuri. Akauliza ndani kulikuwa na nini, akasema afadhali. Namba ya simu ya mwenzake hakuwa nayo. Namba za gari la kwanza sikuwa nimezisoma, nani husoma? (Sasa nasoma. Kila gari ninalopanda, kabla sijaweka mguu ngazini.) Kwenye ofisi ya stendi kijana mmoja alifungua daftari la vitu vilivyopotea, na nikaona kurasa zile: simu, simu, kitambulisho, begi, cheti cha kuzaliwa, simu. Akaandika jina langu na namba yangu. Kwenye nafasi ya kitu akaandika “mzigo”.

“Andika kikapu,” nikamwambia.

“Mama, mzigo unatosha. Kikapu na vilivyomo.”

“Mwanangu, niandikie kikapu. Cheupe, cha ukindu, kina mstari wa zambarau.”

Akanitazama kidogo. Akaandika juu ya mstari kwa herufi ndogo: kikapu. Ya zambarau hakuiandika. Simlaumu sana, daftari lenyewe limepigwa mistari kwa ajili ya simu. Lakini naamini kabisa kwamba kwenye stendi zetu vinapotea vitu ambavyo havina bei na havina pa kuandikwa, bakora za wazee, kofia za mkono, vyungu, na wenye navyo huona haya kwenda kuuliza kwa sababu wanajua wataambiwa afadhali.

Jumanne jioni simu ikalia. Ni kondakta wa gari la kwanza, amepewa namba yangu na wapiga debe. “Shikamoo mama. Wewe ndiye uliyesahau vitu vyako Tongoni? Vipo vyote. Usiwe na wasiwasi kabisa.”

Sikumbuki nilimwambia nini. Nakumbuka nilikwenda jikoni nikamwambia mtoto, kikapu cha Bibi mkubwa kimeonekana, naye akaruka.

Jumatano baada ya vipindi nikapanda bajaji mpaka stendi. Kijana wa watu, mwembamba, ana shati la bluu la kazi, akashuka garini na salfeti. Akaifungua mbele yangu nihesabu. Nazi nne. Kindoo cha unga, kifuniko kimefungwa kamba. Chupa ya mafuta, ameizungushia gazeti isivunjike. Ng'onda, tena aliwaanika juu ya dashibodi maana waliloa. Kanga imefuliwa na kukunjwa. Amini, ilikuwa imefuliwa, inanukia sabuni, mkewe ndiye aliyeifua.

“Na kikapu?” nikasema.

“Kikapu?”

Alinieleza bila kuficha kitu. Maji yaliingia garini yakafika chini ya siti. Alipolivuta lile kapu likawa limelowa, linachuruzika, akatoa vitu akaviweka salfeti na kuvitundika juu visiharibike. Wakati wanasubiri fundi akatokea mama mmoja wa samaki anayerudi Kigombe, ndoo yake imepasuka kitako, samaki wanaanguka njiani. Akampa kikapu. “Nilikiona kimezeeka, mama. Kina kiraka cha tairi. Nikajua mwenyewe atafurahi akipata vitu vyake.”

Ungefanya nini mbele ya kijana huyo? Alikuwa amefanya kila kitu alichofundishwa na wazazi wake. Alilinda mali ya mtu asiyemjua, akamsaidia mama wa watu mvuani. Nilimshukuru, nikampa hela ya soda, akaikataa, nikaitia kwenye mfuko wa shati lake kwa nguvu. Kisha nikakaa kwenye benchi la muuza karanga na salfeti miguuni, nikalia. Mzee yule akaniuliza kama havikutimia. Nikamwambia vimetimia vyote.

Jumamosi nilikwenda Kigombe.

Pwani pale, chini ya mkungu, wanawake walikuwa wanangoja ngalawa zirudi. Wengine wamelala, wengine wanachagua dagaa, na watatu walikuwa wanasuka ukili. Nikawaamkia wakubwa, nikakaa mchangani, nikaeleza. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, hakuna aliyeniuliza ndani kulikuwa na nini.

“Ukili wake mpana vipi?” akauliza mmoja, mikono yake haikusimama.

Nikaonyesha kwa vidole, viwili na nusu.

“Umeshonwa kwa ukindu au kwa uzi?”

“Ukindu.”

“Mdomo umekunjiwa ndani au umekatwa ukapigwa pindo?”

Nikafungua kinywa. Sikujua. Nilifumba macho nikakitafuta kichwani, nikaona zambarau, nikaona nyekundu, nikaona mkono wangu. Mdomo sikuuona.

“Kitako umeanzia mviringo au mraba?”

Hicho nacho sikujua, kiraka cha fundi viatu kilikuwa kimekifunika na kabla ya kiraka sikuwa nimekitazama. Mwanamke wa makamo aliyekuwa pembeni akaacha kuchagua dagaa, akanitazama kwa huruma tupu. “Pole, dada. Ulikipenda, ila hukukijua.”

Hakunisema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyosema upepo umegeuka. Nimeligeuza neno lake mara nyingi na naona ni nusu kweli. Kama angeniletea vikapu hamsini gizani, akaniambia nivishike tu, nisitazame, ningekitoa changu. Kidole gumba changu kingekitoa. Lakini kidole hakina maneno, na mtu anayetafuta kitu kilichopotea hana kingine cha kuwapa watu ila maneno.

Mama wa samaki walimjua, wakamtuma mtoto kumwita. Alikuja mbio kidogo, mtu mzima, kashika kiuno. Nikamwamkia. Nilipoanza kueleza tu akaweka mkono kifuani.

“Hee! Kumbe kina mwenyewe? Mimi nilijua ni chombo cha garini.”

Chombo cha garini. Moyo ulinipiga.

Alikuwa amekitumia siku ile kufikishia samaki nyumbani. Kesho yake akaja mchuuzi wa Muheza, akanunua samaki wa kukaanga, akaondoka navyo pamoja, samaki na kikapu, kwa shilingi elfu moja zaidi. Yule mama alitaka kunirudishia ile elfu. Aliifungua kwenye pindo la kanga yake, akaninyooshea, na mimi nikamfunga vidole juu yake. Tukampigia mchuuzi simu pale pale. Hakupatikana. Jioni alipatikana, akasema kile alikwishampa mtu wa machungwa. Mtu gani wa machungwa? Muheza nzima ni watu wa machungwa.

Nimekwenda Muheza mara mbili. Mara ya kwanza nilizunguka gulioni tangu asubuhi mpaka adhuhuri, natazama vikapu, wauzaji wakadhani nataka kununua. Mara ya pili nilikwenda kwa shughuli nyingine, nikajikuta ni hayo hayo. Vipo vya ukindu, vingi vizuri, vingine vimesukwa kuliko changu. Nimejifunza kutazama midomo yake. Imekunjiwa ndani, mingi.

Mama mdogo nilichelewa kumwambia, nilimficha mpaka Juni. Nilidhani atanigombeza. Alinyamaza tu kwenye simu, halafu akauliza, “Ulikiweka wapi garini?” Nikamwambia ukweli wote, mtoto, miguu yake, kisigino changu. Akanyamaza tena. Kisha akaanza kunihadithia ule mkeka wa nne wa kwenye lori, ambao mimi nilijua kuwa Bibi aliusimulia kama hasara ya biashara. Kumbe haukuwa wa kuuza. Bibi alikuwa amemsukia dada yake aliyeolewa Tanga, aliyekuwa mgonjwa, na dada mtu hakuwahi kuulalia. Mama mdogo akasema Bibi alikuwa akiwatajia watu wa sokoni mikeka mitatu, na ule wa nne akiutaja nyumbani tu, usiku.

Sasa nina mfuko mbadala, wa kijani, nilioununua dukani. Unafaa. Ukijaa naushika mapajani, ukiwa mtupu naukunja natia mkobani. Kwenye gari bado natanua miguu upana ule ule, bila kukusudia. Abiria wa pembeni huwa ananigusa goti, “Dada, samahani, jibane kidogo,” nami najibana, na baada ya kituo kimoja miguu imerudi.

Juzi tulikuwa tunatoka shule na binti yangu, Haisi imejaa, tumekaa siti moja. Alinitazama miguu. Akavua begi lake la shule mgongoni, akaliteremsha pale katikati, akalisukuma mpaka likakaa wima, halafu akaweka mkono wake juu, asiondoe mpaka Makorora.